Joto Lilipoondoka

Mchana ule, mwenye chumba akiwa kazini ananyoosha mashuka ya watu, wifi yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, chupa ya plastiki mapajani, akimimina vidonge kwenye mfuko. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vya mviringo. Vidonge ambavyo ukiviona kiganjani mwa mtu huulizi kitu. Alipovimaliza, akatoa mkobani vingine, navyo vidogo, vyeupe, vya mviringo, akavitia mahali pa vile vya kwanza. Akafunga kifuniko, akaitikisa chupa karibu na sikio kama mtu anayepima yai viza, akairudisha nyuma ya kopo la mafuta ya nywele.

Chupa ilikuwa na karatasi iliyoandikwa Vitamini. Uongo huo hakuutunga wifi. Aliutunga mwenye chupa mwenyewe, siku aliyotoka hospitali na titi moja. Dawa alizopewa zilikuwa kwenye maboksi yenye jina refu, na jina refu huzaa maswali marefu. Akayatupa maboksi njiani, vidonge akaviingiza kwenye chupa ile. Nusu ya mtaa ilikwisha kujua habari ya titi. Nusu ya pili hakutaka kuipa faida.

Lakini huwezi kumficha kidonge mtu anayekula kwa vidonge. Wifi alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Alianza kwa kulifagia, akapanda hadi nyuma ya kaunta, akavaa koti jeupe, mtaa ukamwita Dokta. Lilianza kama utani. Siku zikaula utani, jina likabaki. Siku aliyokiona kidonge cha wifi yake alikitambua kama mtu anavyotambua uso wa mdeni. Alijua kinazima homoni za kike. Asichokijua ni kwamba uvimbe aliokatwa wifi yake ulikuwa ukila homoni hizo hizo kama moto unavyokula nyasi kavu, na kidonge kile ndicho kilichobaki mlangoni kuuzuia usirudi.

Mtu asimsingizie chuki. Dokta ndiye aliyemwosha kidonda, ndiye aliyeokota nywele zake kwenye mto wa kulalia zilipodondoka, ndiye aliyempigia kelele kaka yake akae kitandani kwa mgonjwa. Alibadilisha vidonge vile kwa mapenzi matupu, kisha akafunga mlango taratibu na kurudi kazini.

Saa hiyo hiyo, kwa dobi, joto lilikuwa limempanda mwenye vidonge. Lilianzia kifuani, upande uliobaki bapa, likapanda shingoni, likashika masikio, likamwagika usoni. Mbele yake shati jeupe la mteja, mkononi pasi, nyuma yake mvuke wa mashine. Akajifuta kwa mkono. Akachelewa. Tone la jasho likaangukia kolani.

"Mama Pasi!" bosi akaita. Walimwita hivyo kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumwazima jina. "Shati la watu si kitambaa cha jasho."

"Nitalirudia, bosi."

Mteja mwenyewe alikuwa amesimama pale, mwanamke mnene mwenye miwani. Alilitazama shati, akamtazama aliyelishika. "Ana homa huyu? Maana mimi nina watoto wadogo nyumbani."

"Si homa," mwenzake wa meza ya pili akasema, akidhani anamtetea. "Ni yale mabadiliko ya wanawake. Amekoma."

"Amekoma? Ana umri gani?"

"Thelathini na tatu," Mama Pasi akajibu mwenyewe.

Mwanamke yule akavua miwani. "Makubwa! Mama yangu mzazi bado anakwenda mwezini."

Wakacheka. Mwenzake akamalizia, "Na mumewe ni fundi friji, hebu fikirieni. Mume barafu, mke jiko!" Mama Pasi naye akacheka, kwa sababu usipocheka unakuwa wewe ndiye mwenye kosa. Kisha akalirudisha shati majini.

Jioni alimkuta mama mkwe sebuleni amekalia kiti kilichoelekea mlango, kiti ambacho ukikikalia hakuna anayeingia bila kukupita. Mama mkwe aliishi nao tangu alipofiwa, na ulimi wake aliuleta mzima bila kuupunguza.

"Rika langu, umerudi?"

"Nimerudi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingawa sijui kama inafaa nikuitikie. Wewe na mimi sasa tumeketi benchi moja. Tofauti ni kwamba mimi nilikoma nikiwa na watoto wa kunizika."

Mumewe aliinua kichwa kutoka nyuma ya friji moja kuukuu aliloburuta nyumbani kwa ajili ya mkewe tu, friji lisilo na rafu wala taa. Ndani yake mke aliweka vitambaa vibichi vya kujifunga shingoni. "Mama, acha hayo."

"Nimesema nini kibaya? Yeye mwenyewe si alisema daktari kamwambia siku zake zitarudi? Mimi nasubiri. Kusubiri nako ni tusi?"

Hapo palikuwa na uongo wa pili, mdogo, wa huruma. Daktari hakusema zitarudi. Alisema, "Dripu zile kali zimezima mayai yako, na sidhani yatawaka tena." Mama Pasi aliitafuna kauli hiyo njia nzima, na alipofika nyumbani na kuziona zile nyuso tatu zikimngoja, akasema, "Zitarudi. Mwili unapumzika tu." Tangu hapo kila mtu nyumbani mle alikuwa akihesabia mwili wake mapumziko.

Alitoa kitambaa frijini, akajifunga. Akachukua chupa, akatupa kidonge mdomoni, akakilaza ulimini wakati anamimina maji. Kilikuwa kitamu.

Akasimama na glasi mkononi. Vidonge vyake vilikuwa vichungu, uchungu wa kukunja uso. Hiki kilikuwa na sukari.

"Vipi?" mumewe akauliza.

"Hakuna," akasema, akameza.

Joto halikuondoka kwa kishindo. Liliondoka kama mgeni mwenye adabu: leo limechelewa kuja, kesho limepita mlangoni tu. Siku moja Mama Pasi alinyoosha fungu zima la mashuka, akashtuka kuona nguo yake kavu. Alianza kulala. Ngozi ikarudisha mng'aro, hasira zikapoa. Kitandani, ambako maumivu yalikuwa yamemfanya amgeuzie mumewe mgongo na kusingizia uchovu, siku moja alimgeukia mwenyewe. Fundi akaanza kupiga mluzi akiwa anaoga.

Mama mkwe naye akapunguza ukali. "Siku hizi unapendeza," alisema, akimkagua kuanzia miguuni kama mtu anayenunua mbuzi. "Umepata nini?"

"Ni Mungu tu, mama."

"Mungu hawezi kuwa peke yake. Kuna kitu unameza. Niambie na mimi. Mficha uchi hazai."

Damu ilipokuja, ilimkuta kazini. Alijifungia chooni kwa dobi, akaitazama, akalia huku amejiziba mdomo kwa kofia yake ya kazi. Alikumbuka maneno ya muuguzi wa kliniki: uvimbe wako unakula homoni, kidonge hiki kinaunyima chakula. Aliyakumbuka waziwazi. Akayasukuma kando kama mtu anavyosukuma mlango wa chumba chenye fujo wageni wakiwa wamefika. Miujiza ipo, alijiambia. Kwa nini isiwe kwangu?

Aliporudi nyumbani akafua vitambaa vyake vya hedhi na kuvianika nje, penye macho ya watu, yeye aliyekuwa akianika hata soksi ndani. Mama mkwe aliviona. Hakusema kitu, ila jioni ile chai ya mkwewe ndiyo aliyoimimina kwanza.

Dokta alimfuata kaka yake kwenye kibanda chake cha kazi, akamkuta kachuchumaa mbele ya friji la mtu, mtungi wa gesi ubavuni.

"Kaka, mkeo analala siku hizi?"

"Analala fofofo."

"Basi nishukuru mimi." Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, uso ukimwaka fahari. Vile vidonge vya hospitali ndivyo vilivyokuwa vinamkausha. Yeye kavitoa, katia vya kumrudishia uanamke wake. "Unaona matokeo mwenyewe."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Hospitali wamekubali?"

"Hospitali wanajua kukata. Kuunganisha ni kazi ya ndugu."

Fundi aliutazama mtungi wake. Kuna jambo kila fundi friji analijua. Friji la watu likiishiwa gesi yake, unaweza kulijaza gesi nyingine isiyo yake. Litapoza. Litapoza vizuri kuliko zamani, mwenyewe atakusifu, atakuletea wateja. Na muda wote huo moyo wa friji, ile kompresa, unakufa polepole bila kupiga kelele. Fundi mwenye kuogopa Mungu hafanyi hivyo. Alifikiri hayo yote akiwa amechuchumaa. Kisha akafikiri juu ya mgongo wa mkewe uliokuwa umegeuka sasa ukawa uso.

"Usimwambie," Dokta akasema. "Ataingiwa na hofu bure."

"Nipe hiyo bisibisi," akajibu fundi.

Siku ya kliniki, muuguzi alimpokea kwa utani. "Haya, mwanamke wa moto! Mara ya mwisho uliniambia unataka kulala ndani ya pipa la maji. Joto vipi?"

"Limeondoka."

Kalamu ikasimama. "Limeondoka? Tangu lini?"

"Muda sasa. Na..." Akatabasamu, tabasamu lenyewe likamwonea haya. "Nimeingia mwezini."

Alingoja hongera. Muuguzi aliweka kalamu chini, akavuta pazia. "Hebu lala hapa."

Vidole vikapita juu ya kovu, vikashuka ubavuni, vikaingia kwapani. Vikapita. Kisha vikarudi. Mgonjwa wa siku nyingi anajua vidole vinavyopita na vidole vinavyorudi. Alikodolea macho dari, akaona utando wa buibui, akaushikilia kwa macho kana kwamba ukikatika naye ataanguka.

"Dawa unameza?"

"Kila siku. Hii hapa."

"Vitamini?"

"Ni chupa tu."

Muuguzi alimwaga kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza, akakivunja kwa kucha. "Dada yangu," akasema taratibu, "hiki hupewa mwanamke aliyekoma hedhi na hana ugonjwa wako. Hii ni homoni tupu. Umekuwa ukimpikia adui na kumpakulia. Nani kakupa?"

Jibu lilikuwa limekwisha kufika kabla ya swali. "Sijui," akasema Mama Pasi.

"Kwapani kuna kitu. Kidogo, kama punje ya mahindi. Huenda si chochote. Foleni ni ndefu: Jumanne ya wiki ya nne utakuja, tuchukue kinyama wakapime. Usije peke yako. Na dawa yako ya haki unaianza leo, kwenye boksi lake. Umenisikia? Kwenye boksi lake."

Jioni hiyo Mama Pasi aliwaita chumbani wote wawili, mumewe na Dokta. Mama mkwe alikuwa nje anapiga soga na majirani. Akaiweka chupa kitandani, katikati yao.

"Vidonge vyangu vichungu viko wapi?"

Fundi akatazama sakafu, na kwa kuitazama kwake akawa amejibu. Dokta aliinua kidevu. "Nilivitoa. Ulikuwa unaungua mbele ya macho yangu. Uliniambia mwenyewe siku zitarudi, nikaona kidonge ndicho kinazizuia. Ningefanya nini? Nikukodolee macho ukikauka kama ukuni?"

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungenijibu? Mtu anayeficha dawa kwenye chupa ya vitamini!"

Neno hilo lilimpiga mahali pake. Mama Pasi akaketi. "Uvimbe wangu ulikuwa unakula homoni, wifi. Kidonge kile kilikuwa kinaunyima. Walinieleza."

"Hukuniambia."

"Sikumwambia mtu. Na siku hazikuwa za kurudi. Nilikudanganyeni." Akashika kwapa lake. "Kuna kitu hapa. Wamekikuta leo."

"Kikubwa?" Dokta akauliza, kwa sauti ile ya kaunta, ya mtu anayeulizia uzito wa mtoto kabla ya kupima dawa. Kisha sauti ikamkatikia. Akateremka hadi chini, akakaa na koti lake jeupe, akaanza kulia bila kujifuta.

"Na wewe ulijua?" Mama Pasi akamgeukia mumewe.

"Aliniambia."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi ndicho ulichosema."

Fundi alinyoosha mkono kumgusa, akauvuta. "Ulikuwa na furaha," akasema. "Tulikuwa na furaha."

"Tulikuwa nayo," akakubali mkewe, na hilo ndilo lililokuwa chungu kuliko yote. "Ulimi uliniambia siku ya kwanza kabisa. Nikaunyamazisha."

Wakakubaliana mama asijue, kwa sababu ya presha yake. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyojifunza kutokana na kosa lake: kwa kulitenda tena.

Boksi lenye jina refu likakaa mezani, na joto likarudi na hasira za aliyefukuzwa. Damu ikakatika. Kamba ya nguo nje ikabaki na mashuka tu. Mama mkwe, aliyekuwa akiisoma kamba ile kama watu wanavyosoma gazeti, aliona hakuna kitambaa. Akamwona mkwewe anatoka jasho, anasukuma sahani, amenuna. Akajumlisha. Hakuna aliyempa hesabu nyingine.

Jumapili alasiri, siku mbili kabla ya Jumanne ile, Mama Pasi alitoka kuoga akakuta sebule imejaa. Dada mkubwa wa mama mkwe, majirani wawili, Dokta pembeni ameinamisha kichwa, fundi kasimama mlangoni kama mtu anayengoja kukimbia. Chai imekwisha kumiminwa.

"Njoo, mwanangu," akasema mama mkwe. Hakumwita rika. "Njoo ukae hapa kwangu. Jamani, mlimsema sana mkwe wangu. Mimi mwenyewe nilimsema, Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni."

Dada mkubwa hakungoja. Akatoa mfukoni shali dogo la mtoto, jipya, laini, rangi ya maziwa, akalitandaza mapajani mwa Mama Pasi. "Nilimwekea mjukuu wangu wa binti. Lakini wako amesubiriwa zaidi."

Majirani wakapiga makofi. "Na ule ugonjwa ukamwacha hivi hivi!" mmoja akasema. "Kweli kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Joto likaanza kumpanda. Lilipofika shingoni, Mama Pasi alimtazama mumewe. Fundi alikohoa, akatazama viatu vyake. Mkewe akamtazama Dokta. Dokta akainamia kikombe chake. Mama Pasi akatambua kwamba mle ndani hakukuwa na mtu wa kumsaidia kusema, na kwamba asiposema leo, tumbo lisilokua litamsemea.

"Mama," akasema, "sina mimba."

"Mwanzoni wote husema hivyo."

"Sina, na sitakuwa nayo. Nimekoma hedhi. Dawa za saratani zimezima mayai yangu." Neno saratani halikuwa limetamkwa katika nyumba ile hata mara moja, lilikuwa likiitwa ule uvimbe, lile jambo. Sasa lilikaa mezani pamoja na vikombe. "Ile damu mliyoifurahia haikuwa yangu. Ilikuwa ya vidonge ambavyo sikupaswa kuvimeza. Na keshokutwa wananichoma kwapani, watazame kama saratani imerudi."

Hakuna aliyekunywa. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, likadondoka juu ya shali. Dada mkubwa akaliona tone lile. Akanyoosha mkono, akalichukua shali, akalikunja kwa uangalifu, doa likiwa ndani.

"Basi nitaliweka kwanza," akasema.

Mama mkwe alimgeukia mwanawe. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na wewe, Dokta wa watu?"

Dokta akaitikia kwa kichwa. "Ni mimi niliyevibadilisha vidonge, mama."

"Kwa hiyo mjinga wa nyumba hii nilikuwa peke yangu." Akasimama, akajivuta hadi chumbani kwake, akafunga mlango. Wageni wakakumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Fundi akaokota vikombe vilivyojaa, akavipeleka nyuma, na hakurudi upesi.

Mama Pasi alibaki pale pale. Alikuwa hajainuka mlango ulipofunguliwa na mama mkwe akatokeza, gauni la bluu limening'inia mkononi.

"Keshokutwa mnatoka saa ngapi?"

"Mapema, mama."

"Nani anakwenda naye?" akapaza sauti.

"Nina friji la watu nimeliahidi..." sauti ya fundi ikajibu kutoka nyuma.

"Sikukuuliza wewe." Akalitupa gauni juu ya meza. "Linyooshe hili. Lina mikunjo kuliko uso wangu. Siendi mbele ya madaktari nikiwa kama nimeokotwa jalalani."

Mama Pasi akachomeka pasi, akatandika meza. Mama mkwe alisimama karibu. Pasi ilipopata moto, mkono ukaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Ulipofika kwenye mabega ya gauni ilimbidi aunyanyue juu zaidi, akasita.

"Mama, nishikie upande huu. Nikiunyoosha mkono panavutika."

"Panavutika wapi?"

Siku nyingine zote Mama Pasi angesema hakuna. Aliisimamisha pasi wima, akainua mkono, akamwonyesha kwapa. Mama mkwe akapeleka kidole pale, taratibu, akaipata ile punje, wala hakukiondoa kidole.